Kisa cha Barkhad Abdi: nafasi moja, tuzo moja, kisha nini?

Usiku wa tarehe 2 Machi 2014, kwenye utoaji wa tuzo za Oscar katika ukumbi wa Dolby jijini Los Angeles, watu wawili wa upande wetu wa Afrika walikuwa wameketi wakisubiri bahasha zifunguliwe. Lupita Nyong'o, Mkenya, aliitwa, akapanda jukwaani, na yaliyofuata kila mtu anayajua. Barkhad Abdi, Msomali wa Minneapolis, hakuitwa. Tuzo ya muigizaji msaidizi wa kiume ilikwenda kwa Jared Leto. Wiki mbili kabla ya hapo, London, Abdi alikuwa amewabwaga Bradley Cooper na Michael Fassbender na kuchukua BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, ya kipengele hicho hicho.

Kila mmoja wao alikuwa anawania kwa filamu ndefu ya kwanza kuigiza maishani. Na kuna jambo ambalo halisemwi sana: aliyewachagua ni mtu mmoja. Francine Maisler ndiye aliyesimamia usaili wa filamu zote mbili, ile ya utumwa, 12 Years a Slave, aliyoigiza Lupita na ile ya maharamia, Captain Phillips, aliyoigiza Abdi. Jicho lilikuwa lile lile, lakini liliwakuta watu wawili waliotoka njia zisizofanana hata kidogo.

Kijana akiuliza inahitaji nini mtu awe muigizaji, kisa chenye manufaa kwake ni cha Abdi. Cha Lupita kinapendeza mno, kimenyooka kuanzia jukwaa la shule hadi Oscar, na kinamfanya msikilizaji apige makofi tu. Cha Abdi kina makona, na kwenye makona ndipo mtu anapoona kazi hii imejengwaje.

Tuanze na meli. Aprili 2009 meli ya mizigo Maersk Alabama ilikuwa inakuja Mombasa, sehemu ya shehena yake ikiwa chakula cha msaada, ilipovamiwa na vijana wanne wa Kisomali kwenye Bahari ya Hindi. Walishindwa kuiteka meli, wakaondoka na nahodha Richard Phillips kwenye boti ya uokoaji. Makomando wa jeshi la maji la Marekani waliwaua watatu kwa risasi. Wa nne, Abduwali Muse, alipelekwa New York, na mwaka 2011 akahukumiwa kifungo cha miaka 33 na miezi 9. Hollywood isingekiacha kisa cha namna hiyo kipite.

Mwongozaji Paul Greengrass alikuwa na desturi yake. Kwenye filamu yake ya 2006 kuhusu ndege iliyotekwa Septemba 11, baadhi ya waongoza ndege waliokuwa kazini siku ile walijiigiza wenyewe. Kwa hiyo hakutaka kuchukua mtu wa London au New York mwenye rangi inayokaribia, amfundishe lafudhi. Alitaka Wasomali. Na Marekani, ukitaka Wasomali, unakwenda Minneapolis, yenye jamii yao kubwa kuliko mji mwingine wowote nchini humo.

Mwaka 2011 tangazo la usaili likatoka. Zaidi ya watu 700 walijitokeza kwenye kituo cha jamii cha Cedar-Riverside, mtaa ambao ukipita unasikia Kisomali kuliko Kiingereza. Abdi alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Mogadishu mwaka 1985, vita vikawakimbiza Yemen akiwa mdogo, akaingia Marekani 1999 akiwa na miaka 14. Alikuwa ameshaendesha limuzini, ameshauza simu dukani kwa kaka yake, alikuwa anapiga disko na kushughulika na video za muziki za hapo mtaani. Uigizaji hakuwahi kuugusa, hata mchezo wa shule hatajwi kuwa nao.

Walichaguliwa wanne: yeye, Faysal Ahmed, Barkhad Abdirahman na Mahat M. Ali. Abdi akapewa Muse, kiongozi wa kundi.

Hapa ndipo masimulizi ya vijiweni hugawanyika. Wapo wanaosema: unaona, ni bahati tu, kijana kaamka asubuhi kaenda kupanga foleni, jioni yuko na Tom Hanks. Wapo wanaosema: unaona, shule ya sanaa ni kupoteza hela, kipaji kinatosha. Sikubaliani na upande wowote, na ushahidi wangu umo ndani ya filamu yenyewe.

Tazama tukio la maharamia kuingia chumba cha usukani. Greengrass alikuwa amewatenga wale vijana wanne na Tom Hanks, aliyeigiza nahodha Phillips, tangu mwanzo. Hawakukutana, hawakusalimiana, hawakunywa chai pamoja. Mara ya kwanza kuonana uso kwa uso ilikuwa mbele ya kamera, wao wakiingia na bunduki. Ile hofu unayoiona kwa mabaharia ina ukweli fulani ndani yake. Lakini mwangalie Abdi. Wenzake wanapiga kelele, mmoja anarukaruka kama anayetaka kuua mtu papo hapo. Yeye anashusha sauti. Mwili wake ni mwembamba, mabega kama hanga ya nguo, macho yametokeza kwa mirungi na kukosa usingizi, na anaongea polepole kama mtu anayedai kodi ya nyumba. Anamwambia nahodha amtazame usoni, kisha anamjulisha kwamba kuanzia sasa nahodha ni yeye. Maneno hayo hayakuwa kwenye skripti. Abdi aliyatoa pale pale.

Watu husimulia hilo kama ajabu. Kwangu ajabu si maneno, maana mtu yeyote mwenye mdomo anaweza kuropoka. Cha kutazama ni kwamba alitulia. Mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya kamera kubwa, mbele ya bingwa wa Oscar mbili, woga wake wa kawaida humfanya aongeze sauti na mikono. Wanaoanza kwetu wanafanya hivyo kila siku: akiambiwa aigize hasira anafoka, akiambiwa huzuni analia kwa kamasi. Abdi alijua, au alihisi, kwamba mwenye bunduki hana haja ya kufoka. Wale 700 wote walikuwa na lugha, na wengi walikuwa na umri na umbo. Sidhani kama wote walikuwa na hicho.

Baadaye kwenye boti ya uokoaji kuna mazungumzo mafupi ninayoyapenda kuliko lile tukio maarufu. Nahodha anamwambia Muse lazima kuna kitu kingine cha kufanya zaidi ya uvuvi na kuteka watu. Muse anajibu kwamba labda Marekani, labda huko. Hakuna machozi, hakuna muziki wa kukuelekeza usikitike. Anayesema maneno hayo ni mtu aliyefika Marekani kweli, kwa sababu wazazi wake walimtoa Mogadishu mapema, na kwenye mahojiano ameeleza kwamba alijiweka kwenye nafasi ya mtu asiyepata bahati ya wazazi kama hao. Huo ni uigizaji kwa maana yake kamili: kuchukua kitu chako halisi na kumkopesha mtu ambaye si wewe.

Na kuhusu madai kwamba hakufundishwa, si kweli. Kabla ya kupiga picha kule Malta, mwaka 2012, yeye na wenzake waliwekwa kwenye mazoezi: kuogelea, kuendesha boti ndogo kwenye mawimbi, kupanda ngazi ya ndoano ubavuni mwa meli, kushika silaha kama watu walioizoea. Alifundishwa, tena na watu wa viwango vya juu na kwa gharama za wengine. Ila alifundishwa kuwa mtu mmoja, Muse. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kumfundisha kuwa mwalimu, mume, mlinzi wa usiku, au wakili. Kazi ya filamu moja haina muda wa hayo.

Sasa tuje kwenye hela, maana huku ndiko kisa kinakouma.

Filamu iligharimu kama dola milioni 55 na kuingiza zaidi ya milioni 200 duniani. Jarida la The New Yorker liliandika mwaka 2014 kwamba Abdi alilipwa dola 65,000. Kwa mtu anayesoma hii Buguruni au Githurai hiyo ni pesa ya kujengea, na sitajifanya haikuwa pesa. Lakini ihesabu kwa namna ya mtu anayeishi Marekani. Kazi ilikuwa 2012, filamu ikaingia kumbini Oktoba 2013. Hapo katikati ni kama mwaka mmoja na nusu. Kuna kodi ya serikali, kuna kodi ya nyumba, na hakuna kazi nyingine ya kuigiza iliyokuwa mezani, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameiona filamu. Kwa hiyo alirudi dukani kwa kaka yake kuuza simu. Fikiria picha hiyo: mtu ameshapiga tukio litakalomfikisha Oscar, lipo kwenye kompyuta za wahariri, na yeye yuko kaunta anamweleza mteja tofauti ya vifurushi.

Aliacha duka filamu ilipotoka. Ulipofika msimu wa tuzo, akawa anakwenda Los Angeles kwa ajili ya matangazo, hotelini kwa gharama ya studio, na posho ya chakula. Suti za kwenye zulia jekundu zilikuwa za kuazima. Jarida hilo hilo lilieleza kwamba aliwahi kuomba apangiwe hoteli ya kawaida karibu na uwanja wa ndege, ili awe jirani na rafiki yake Msomali, dereva teksi, aliyekuwa anamzungusha mjini bure. Mshindi wa BAFTA anapewa lifti na jamaa wa nyumbani. Wasomali wenyewe wala hawakushangaa, ndugu ni ndugu. Wamarekani ndio waliohangaika.

Kwa nini hali ikawa hivyo? Si kwamba studio ilimdhulumu. Kwa mtu asiye na jina, anayeigiza mara ya kwanza, malipo yale ni ya soko. Tatizo ni kwamba kuigiza ni jambo moja, na kuishi kwa kuigiza ni biashara nyingine kabisa, yenye vitendea kazi vyake. Anayeishi kwa kazi hii huko ana wakala anayejua usaili gani unakuja kabla haujatangazwa, na wakala huyo anakula asilimia 10 ya kila anachokileta, kwa hiyo naye ana njaa ya kutafuta. Ana meneja mara nyingi, na mwanasheria wa kusoma mkataba. Ana uanachama wa chama cha waigizaji. Ana vipande vya video vya kazi zake tofauti, vinavyoonyesha akicheka, akidanganya, akipenda. Anaishi pale usaili unapofanyikia, au ana uwezo wa kufika kesho akiitwa leo. Na zaidi ya yote ana namna ya kula wakati wa kusubiri, maana sehemu kubwa ya maisha ya muigizaji ni kusubiri. Abdi aliingia msimu wa tuzo akiwa na kazi moja tu ya kuonyesha, ya haramia, na anwani ya Minnesota.

Ukimweka Lupita pembeni, tofauti inaonekana bila kutumia neno kipaji. Akiwa na miaka 14 aliigiza Juliet na kundi la Phoenix Players jijini Nairobi. Alisoma filamu Hampshire College, Marekani. Wakati filamu kubwa ya Waingereza ilipokuja kupigwa Kenya, alifanya kazi ya kutumwatumwa kwenye lokesheni, na hapo ndipo alipomwambia Ralph Fiennes, nyota wa filamu hiyo, kwamba angependa kuigiza, naye akamjibu kwa ukali wa upole kwamba aingie tu kama hawezi kabisa kuishi bila hiyo kazi. Akaigiza kwenye tamthilia ya Shuga, akaongoza filamu yake ya hali halisi kuhusu watu wenye ualbino Kenya, ndipo akaenda Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, miaka mitatu ya uigizaji, akahitimu 2012. Alipofika mbele ya Maisler hakuwa mgeni wa chochote. Alishakuwa mbele ya kamera, nyuma ya kamera, na jukwaani.

Tuseme ukweli wote lakini. Lupita ni binti wa profesa aliyekuja kuwa seneta wa Kisumu. Familia iliweza kubeba miaka ya kusoma bila mshahara. Yale ilianza kusomesha bure wanafunzi wa uigizaji mwaka 2021 tu, baada ya mchango wa dola milioni 150 wa David Geffen, bilionea wa muziki na filamu. Abdi ni mtoto wa wakimbizi. Ukiniuliza nani alikuwa na kipaji zaidi usiku ule wa Machi, siwezi kukujibu. Ukiniuliza nani alikuwa tayari kwa asubuhi iliyofuata, jibu ni rahisi.

Na bado Abdi hakuzama. Wengi wanaosimulia kisa hiki hukifunga pale kwenye suti ya kuazima, kwa sababu hapo kinahuzunisha vizuri. Mwaka huo huo wa 2014 alikwenda Afrika Kusini kupiga Eye in the Sky, filamu iliyotoka 2015, ambayo hadithi yake iko Nairobi. Anaigiza Jama Farah, mpelelezi upande wa serikali ya Kenya, anayerusha kidude cha kamera kama mdudu ndani ya nyumba ya magaidi huku kombora la Marekani likisubiri angani. Binti mdogo anauza mikate pembeni ya ukuta ule. Jama anajitosa kununua mikate yote ili mtoto aondoke mapema, na askari wa magaidi wanamshtukia, anatimua mbio. Waigizaji wakubwa wa filamu ile, Helen Mirren na Alan Rickman, wako vyumbani wakibishana mbele ya skrini. Anayetoka jasho ni Abdi.

Naona nafasi hiyo ilikuwa muhimu kwake kuliko uteuzi wa Oscar. Umbo ni lile lile na asili ni ile ile, ila sasa amevuka mstari, yuko upande unaowawinda wenye silaha. Kwa muigizaji aliyeanza na nafasi iliyomkaa mwilini kama ngozi, kazi ya pili ndiyo inayoamua. Ikiwa haramia mwingine, amekwisha. Ataitwa kila inapohitajika bunduki na lafudhi, na siku mtindo ukipita naye anapita. Mwaka 2017 akawa mlinzi wa usiku kwenye bustani ya michezo ndani ya Good Time, anayepigwa na kulaghaiwa bila kosa, na mwaka huo huo akaonekana kwa dakika chache kama mfanyabiashara wa vitu vya ajabu kwenye Blade Runner 2049. Mwaka 2019 akapata nafasi ya kudumu kwenye msimu wa pili wa tamthilia ya Castle Rock. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyotengeneza vichwa vya habari kama vya 2014. Ni nafasi za pembeni, nyingine za tukio moja. Waigizaji wengi wanaolipa kodi zao za nyumba kwa kazi hii wanaishi hivyo hivyo.

Kwa mtu wa Dar, Nairobi au Kampala anayekisoma kisa hiki, mlango wa Abdi hautafunguka tena vile vile. Greengrass alihitaji Wasomali wanne kwa filamu moja. Ila mambo mawili matatu ya pale Cedar-Riverside yanahamishika. Usaili ule haukumtoza mtu senti. Kwetu bado kuna matangazo yanayodai hela ya fomu, hela ya kambi, au kitu kibaya zaidi kutoka kwa mabinti, na anayelipa hajaingia kwenye sanaa, ameingia kwenye mfuko wa mtu. Pia mtu hahitaji kwenda Yale ili apate kinachopatikana Yale, yaani kuigiza watu wengi tofauti mbele ya mtu anayekukosoa. TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, iko Bagamoyo, idara za sanaa ziko vyuo vikuu, vikundi vya jukwaani vipo vinavyofanya mazoezi kwenye kumbi za shule na makanisa. Mwenye kazi moja nzuri ya Bongo Movie na miaka mitano ya kuuza sura baada ya hapo yuko alipokuwa Abdi mwaka 2013, tofauti ni kwamba hana BAFTA ya kumfungulia mlango wa pili.

Wale wenzake watatu wa kwenye boti walipata mwongozaji yule yule, mazoezi yale yale na bahari ile ile. Barkhad Abdirahman alikuwa muigizaji mkuu wa filamu ndogo iliyopigwa Minneapolis, iliyotoka 2016, na Faysal Ahmed naye alikuwemo. Waulize mashabiki kumi wa Captain Phillips majina yao, uone utapata mangapi.